Jina la Chemchemi ya Ikambasya

Nawaonya mapema, hadithi hii inanuka. Mwenye tumbo jepesi akae karibu na mlango, na aliyekula nyama mchana wa leo asije akanilaumu baadaye. Nimeisimulia mara nyingi na bado kila nikifika katikati najisikia kutema mate. Lakini nyinyi mmeomba hadithi ya kuamua, basi nawapa ya kuamua. Tegeni masikio, midomo mtaifungua mwisho.

Alikuwapo Tupokigwe, bibi afya wa kata ya Ikambasya, kule kwenye milima ya chai ambako mvua haiulizi msimu. Na katika ofisi ile ya kata na jirani zake walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa dada Lusekelo, mpiga chapa. Kipaji chake kilikuwa kutopoteza kitu. Risiti ya mwaka juzi anayo, kofia ya kalamu iliyokwisha wino anayo. Hata kompyuta ya ofisi aliiwekea tabia yake: aliiamuru ihifadhi nakala ya kila waraka kila unapoguswa, ili ukibadilisha neno, lile la zamani libaki mahali fulani ndani. Hakuna aliyemwomba. Aliwahi kusingiziwa kosa la mtu mwingine, akaapa kwamba halitatokea tena.

Wa pili alikuwa Mwalimu Gwamaka, aliyefundisha kompyuta katika sekondari ya kata. Kipaji chake kilikuwa kufukua. Faili lililofutwa, lililojificha, lililobadilishwa jina, yeye alilitoa, akalipanga na wenzake kwa tarehe na saa, akakusomea nani alianza na nani alifuata. Wanafunzi walisema Mwalimu hadanganyiki kuhusu kazi ya nyumbani.

Wa tatu alikuwa Mzee Asegelile, mlinzi wa mlangoni. Kipaji chake kilikuwa kuandika. Aliwahi kuwa askari, na katika daftari lake hapiti mtu bila jina, saa, chumba anachokwenda na alichobeba mkononi. Alimwandika diwani. Alimwandika padri. Siku moja alimwandika mbuzi aliyeingia uani, saa tatu na robo, bila mzigo.

Sasa tuingie kwenye uvundo.

Juu ya kijiji cha Ikambasya palijengwa machinjio. Yalijengwa kando ya kijito cha Mwasa, na kijito cha Mwasa ndicho kilichonywewa na kijiji kizima. Ilitakiwa lichimbwe shimo la kuhifadhi taka, na shimo lilichimbwa, likajaa ndani ya miezi miwili, halikuchimbwa jingine. Tangu hapo damu, mavi ya ng'ombe na maji ya kuoshea utumbo vilishuka mtaroni hadi kijitoni. Asubuhi za baridi ungeona mafuta yameganda juu ya maji, utando mweupe, na wanawake wakiutenga kwa kiganja ndipo wachote.

Tupokigwe alipanda huko na chupa zake za kupimia. Alichota maji juu ya machinjio, akachota chini yake, akayapeleka maabara ya wilaya kwa pikipiki, akasubiri majibu. Majibu yalipokuja alikaa kwenye kompyuta ya ofisi akaandika taarifa ya kurasa nne. Aliandika kwamba maji ya Mwasa hayafai kwa kunywa. Aliandika kwamba zahanati imekwisha kupokea watoto kumi na wanne wenye kuhara damu. Aliandika kwamba machinjio yafungwe mara moja mpaka shimo lichimbwe upya.

Taarifa kama ile ilikuwa lazima ipite kwa mratibu wa afya wa tarafa, Bwana Mwasanjala, aigonge muhuri na kuisambaza. Na hapa nieleze desturi moja ya ofisi ile, maana bila desturi hiyo hadithi isingekuwapo. Bwana Mwasanjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Mkuu, alikuja Ikambasya siku ya Alhamisi tu. Ukimkosa Alhamisi, umemkosa wiki nzima. Basi maofisa wote walikuwa na mazoea ya kusaini ukurasa wa mwisho kabla, mtupu, wenye jina na mstari wa saini peke yake, wakaziacha karatasi hizo kwenye droo ya Lusekelo. Waliziita saini za akiba. Mkuu akipitisha waraka, Lusekelo anachapa kurasa za mbele, anabana na saini ya akiba, kazi imekwisha. Kila mtu aliona ni ujanja mzuri wa kuokoa muda.

Tupokigwe naye alikuwa na saini tano droo hiyo. Jumatano akapanda vijiji vya juu kwenye kampeni ya chanjo, siku sita, akijua taarifa yake iko njiani.

Ilikuwa njiani kweli. Wiki ya tatu baada ya kurudi, alishuka kijitoni kuwaambia wanawake wasubiri kidogo tu, machinjio yatafungwa. Aliwakuta kumi hivi. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Mmoja, Mama Subi, alikuwa amekaa juu ya jiwe bila ndoo, bila khanga ya kichwani, na Tupokigwe akaelewa kabla ya kuambiwa. Subi, binti yake wa miaka mitano, alikuwa amezikwa juzi yake.

"Bibi Afya," alisema Mama Subi, "ulituandikia kwamba maji yanafaa. Mimi nilikuwa nachemsha. Nilipoisoma karatasi yako ubaoni, nikaacha kuchemsha, kuni zina shida. Nilikuamini."

"Mama Subi, mimi sikuandika hivyo."

"Saini ya nani ile?"

Tupokigwe alikimbia hadi ubao wa matangazo wa kijiji. Kurasa nne zilikuwa pale, zimebanwa kwa pini. Maji ya Mwasa yanafaa kwa matumizi ya nyumbani. Kuhusu watoto hakukuwa na neno. Machinjio yalisifiwa kwa kutoa ajira. Na chini kabisa, kwa wino wake wa bluu, na mkia ule wa herufi ya mwisho aliojifunza shule ya msingi, ilikuwa saini yake. Alishika ukuta, akatapika palepale mbele ya watu waliokuwa wakinunua vocha. Siyo kwamba alikuwa mgonjwa. Alijisikia kama mtu aliyekuta vidole vyake vimelala ndani ya sahani ya mwingine.

Haikupita wiki, barua ikaja. Amesimamishwa kazi. Baada ya siku kumi afike mbele ya kamati ya uchunguzi ajibu kwa nini alitoa taarifa ya uongo iliyosababisha kifo cha mtoto. Asipojisafisha atafukuzwa, na kesi ipelekwe polisi.

Alikwenda kwanza ofisini, akiomba aruhusiwe kuiangalia kompyuta. Waraka aliukuta umo, safi, kila neno la uongo limekaa mahali pake kama lilizaliwa pale. Akasema moyoni nimekwisha. Ndipo akaanza kugonga milango ya wale watatu.

Alimgongea Lusekelo. Lusekelo alifunga mlango kwanza, akafunga na dirisha. "Mdogo wangu," alisema, "huo unaouona ni uso tu. Mashine ile niliiambia ihifadhi. Alichobadilisha mtu kimo, hata kama amesafisha. Mimi sijui kukitoa, lakini nakuapia kimo." Bila Lusekelo kusingekuwa na kitu cha kutafuta. Mwongo angefuta, na kilichofutwa kingekuwa kimekufa.

Alimgongea Mwalimu Gwamaka. Mwalimu alikuja Jumamosi na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akakaa kwenye kompyuta ile kuanzia asubuhi mpaka mchana, akifungua mafolda ambayo Lusekelo mwenyewe hakujua yapo. Nakala zilikuwa zimetapakaa zenye majina ya namba tupu. Akazipanga moja baada ya nyingine, kumi na saba. Bila Gwamaka zile nakala zingekaa gizani mpaka kompyuta iuzwe chuma chakavu.

Akamwita Tupokigwe asogeze kiti. "Nataka uone," alisema. "Lakini usile kitu kwanza."

Tupokigwe aliona. Taarifa yake ilifunguliwa Alhamisi saa tano na dakika arobaini na mbili, ikafungwa saa sita na dakika tatu. Dakika ishirini na moja. Katika nakala ya kwanza watoto walikuwa kumi na wanne, kama alivyowaandika. Katika nakala iliyofuata walikuwa tisa. Halafu sita. Halafu neno "kumi na wanne" likarudi zima, na Tupokigwe akajikuta anashangilia kimoyomoyo, jamani amejuta! Nakala iliyofuata ikasema "wachache". Iliyofuata haikusema kitu. Mtu yule alikuwa akipatana bei ya watoto na nafsi yake, anapanda, anashuka, kama mnunuzi wa viatu vya mtumba.

Maji nayo yalikwenda hivyo hivyo. Hayafai. Yanafaa yakichemshwa. Yanafaa. Katikati palikuwa na dakika tisa ambazo hakuna herufi iliyoguswa. Na mwisho kabisa, baada ya kuua kila kitu kilichokuwa cha kweli, alirudi mwanzo akapanga vichwa vya habari vikae katikati ya ukurasa na akaongeza koma aliyokuwa ameisahau Tupokigwe.

"Amenirekebishia koma," alisema Tupokigwe. Alilirudia neno hilo mara mbili. Kati ya yote, koma ndiyo iliyomtia kinyaa kuliko vingine.

"Sasa shida ni hii," Gwamaka alisema. "Nimejua nini kilibadilishwa na lini. Nani, sijui. Soma hapa jina la mtumiaji."

Kila nakala, zote kumi na saba, ilisema imebadilishwa na Ambakisye. Mzee Ambakisye alikuwa bwana afya aliyemtangulia Tupokigwe, na alikuwa kaburini mwaka wa nne. Kompyuta iliandikishwa kwa jina lake ilipokuja, na alipofariki hakuna aliyetaka kuligusa. Wengine walisema ni heshima, wengine hawakujua linabadilishwaje. Ofisi nzima iliingia kwa jina la marehemu na neno moja la siri lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kioo. Kwa hesabu za mashine, Mzee Ambakisye ndiye aliyekuwa ofisa mchapakazi kuliko wote.

Hapo akamgongea Mzee Asegelile. Alifungua daftari, akalowesha kidole, akafunua karatasi hadi Alhamisi ile. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa, umesimama wima. Mwasanjala, mratibu. Saa tano na nusu kuingia, saa sita na robo kutoka. Chumba cha kompyuta, peke yake. Amebeba mfuko wa maini ya kukaanga kutoka machinjio.

"Uliandika na maini, Mzee?"

"Nimeandika alichobeba. Ndiyo kazi."

Tupokigwe akazielewa zile dakika tisa. Alikuwa anakula. Alikula, akajifuta mafuta, akarudi kwa watoto. Bila Asegelile nakala zote zingebaki kumshitaki maiti.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa hadi madirishani. Gwamaka alizionyesha nakala ukutani moja moja, na kila watoto walipopungua watu walizomea. Bwana Mwasanjala, suti ya kijivu, mikono laini, hakutikisika. Alisema mashine imeandika saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili, na saa kumi na moja jioni yeye alikuwa kwake anamwagilia maua.

Mwenyekiti wa kamati alimtazama juu ya miwani. "Ndugu Mwasanjala, mashine inahesabu saa za Kizungu. Hiyo ni saa tano yako ya asubuhi. Na daftari la mlinzi linasema ulikuwa nani, wapi, na ulikuwa unatafuna nini."

Ukumbi haukucheka. Mama mmoja alitema mate sakafuni, na wengine wakamfuata. Mwasanjala aliondoka na askari wawili, akipitia katikati ya mate hayo, akiinua suruali isichafuke. Nawaambia hata hapo alijali suruali.

Tupokigwe akarudishiwa kazi, machinjio yakafungwa, na wilaya ikachimba chemchemi mpya upande wa pili wa mlima, maji meupe, yametoka jiweni, yamejengewa bomba na sakafu ya saruji. Mngetaka nimalizie hapa. Mngekwenda kulala mmefurahi. Lakini hamkuja kwa hadithi ya kufurahi.

Kule Ikambasya chemchemi haifunguliwi bila jina la mtu. Moja tu. Huwa ni jina la aliyewaletea watu maji, na anayechota wa kwanza kila asubuhi hulitamka kwa sauti ndipo atie ndoo. Vijukuu na vitukuu huendelea kulitamka wasipojua tena alikuwa nani. Hakuna sifa inayopita hiyo katika bonde lile. Na wazee wa kijiji waliamua jina lichaguliwe na Tupokigwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa, naye alitangaze kesho yake asubuhi kwenye ufunguzi.

Aliwaita wale watatu uani kwake, akachemsha chai, akiamini watasaidiana kuchagua kwa upendo.

"Mimi siyo mtu wa kujisifu," alianza Lusekelo, "lakini mashine ingekuwa bubu kama si mimi."

"Bubu ilikuwa bubu mpaka nilipoisemesha," alisema Gwamaka. "Dada, wewe mwenyewe ulisema hujui kukitoa."

"Na mlipoisemesha ikamtaja marehemu," alisema Asegelile. "Mngekwenda kumkamata kaburini?"

Walitaniana, wakachekeana, halafu kicheko kikaanza kukauka. Lusekelo ndiye aliyechokoza. "Mwalimu, ungependa tukuite mfukuaji wa uongo? Alhamisi ile Mkuu alikupigia simu mbele yangu. Alikuuliza waraka wenye alama za marekebisho unasafishwaje usionyeshe alama. Ukamwelekeza hatua kwa hatua, unacheka naye. Nilisikia."

Gwamaka alivua miwani. "Aliniuliza jambo la kompyuta. Nilimjibu. Sikumuuliza ni waraka gani."

"Hukumuuliza."

"Na wewe je?" Gwamaka alimgeukia. "Nakala ya mwisho ilichapwa saa sita na dakika kumi. Sikuisema kwenye kamati kwa kukuonea huruma. Nani anachapa katika ofisi ile? Taarifa ya kweli ya Bibi Afya ulikuwa umeshaisoma, ulijua imeandikwa nini. Ukachapa uongo, ukafungua droo, ukatoa saini yake, ukabana kwa mkono wako."

Lusekelo alikiweka kikombe chini, chai ikamwagika. "Ningefanyaje? Ni Mkuu! Nina watoto watatu na sina mume. Nilisema nakala zimo ndani, siku ikifika zitasema zenyewe."

"Wiki tatu zilikaa kimya," alisema Gwamaka. "Wewe nawe ulikaa kimya nazo."

Mzee Asegelile aliguna kwa kuridhika, na hilo likawa kosa lake. Lusekelo alimrukia. "Wewe usigune! Ule mfuko wa maini ulitoka chumbani nusu umebaki. Nusu ilikwenda wapi? Kibanda chako kilinukia vitunguu siku nzima."

Mzee alitazama viatu vyake. "Alinipa," alisema. "Nikala. Alitoka anajifuta mdomo, akasema, Mzee, leo nimewaokoa wenye machinjio, kula. Nikala." Halafu akaongeza, kwa ugumu, "Sikuliandika hilo."

"Na kwa nini hukumwambia mtu?" Tupokigwe aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Uliponiuliza nilifungua daftari."

Tupokigwe aliwaangalia. Watu watatu waliomrudishia jina lake, na kila mmoja kwa kipaji kilekile alichomwokolea alikuwa amemkaribisha mwongo mlangoni. Alitamani kuwafukuza wote, vikombe vyake avioshe kwa majivu. Alifungua mdomo awaambie wananuka. Ndipo akakumbuka droo. Saini tano. Hakuna aliyemshika mkono akizitia. Alitia saini juu ya karatasi nyeupe na kwenda zake, na kila kitu kilichofuata kilipita kwenye mlango alioacha wazi yeye.

Alikaa kitako juu ya kizingiti, akanusa viganja vyake kama vingekuwa na harufu.

Wakati huo Mama Subi alikuwa amesimama kwenye ua wa miti, na alikuwa amesimama muda mrefu. Alikuja kuazima beseni la sherehe ya kesho. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi, lakini alivyowatazama ilionekana amesikia ya kutosha. Tupokigwe aliinuka haraka, maneno yakimtoka bila mpangilio.

"Mama Subi, nimepata. Chemchemi tuipe jina la Subi. La mtoto. Hakuna anayestahili zaidi."

Wale watatu waliitikia upesi mno, ndiyo, ndiyo, la mtoto, wakionekana kupumua.

"Hapana," alisema Mama Subi. Hakupandisha sauti. "Msinipe jina la mwanangu kama pipi ya kuninyamazisha. Subi hakuleta maji. Subi alikunywa. Kama mnataka kujificha, jificheni nyuma ya kitu kingine."

Alisogea hadi mbele ya Tupokigwe.

"Mimi ndiye nitakayechota wa kwanza kesho, wazee wamenipa heshima hiyo. Nitalisema jina, nitie ndoo. Na keshokutwa nitalisema. Nitalisema kila asubuhi mpaka nizeeke, nikiwa nimeshika ndoo niliyokuwa namwogeshea. Bibi Afya, nimekuja na swali moja tu. Jina la nani nitie kinywani mwangu?"

Akachukua beseni, akaondoka.

Nami ninaishia hapo. Msiniulize asubuhi ile Tupokigwe alitangaza nini. Mnajua kila kitu alichokijua yeye usiku ule. Mnamjua Lusekelo aliyehifadhi ukweli kisha akauchapa uongo. Mnamjua Gwamaka aliyefukua kile alichofundisha kuzikwa. Mnamjua Asegelile aliyeandika kila kitu isipokuwa mlo wake. Bila mmoja wao mwongo angekuwa bado anakuja kila Alhamisi, na bila mmoja wao huenda asingefaulu hata Alhamisi moja. Mnamjua na Tupokigwe pia. Chemchemi isiyo na jina haichotwi kule, na watu wana kiu.

Haya, wewe uliyenyamaza tangu mwanzo, na wewe uliyekuwa unatikisa kichwa, na wewe unayejifuta mikono. Kunapambazuka. Mama Subi ameshika ndoo, kijiji kizima kimesimama nyuma yake, anakutazama wewe. Mtajie jina.